Kuambukizwa au Kuota? Lugha ya Chanzo na Dalili za Fangasi ya Kandida

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza chanzo na dalili za ugonjwa ambao wasemaji wengi wa Kiswahili leo huuita "fangasi ya ukeni" au, kwa kusitiri, "fangasi sehemu za siri". Huenda msomaji wa jarida la Kiswahili akashangaa kuikuta mada hii hapa, kwani mahali pake palipozoeleka ni katika vitabu vya tiba. Tunaileta kwa sababu moja. Katika zahanati nyingi za Afrika Mashariki ugonjwa huu haupimwi kwa hadubini. Mhudumu huamua dawa baada ya kumsikiliza mgonjwa na, pengine, kumtazama. Utaratibu huo wa kutibu kwa kufuata dalili ulienezwa na Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990, na manufaa yake si ya kubeza. Jaribio lililofanywa katika vijiji vya Mkoa wa Mwanza, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1995, lilionyesha kuwa kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwa njia hiyo kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40. Lakini utaratibu huo una sharti lake: msamiati wa mgonjwa na wa mhudumu huwa ni sehemu ya kipimo chenyewe.

Hoja yetu ni kwamba maneno mawili yaliyozoeleka mno, yaani kitenzi "kuambukizwa" na nomino "uchafu", humpotosha mgonjwa. La kwanza humpotosha kuhusu chanzo. La pili humpotosha kuhusu dalili na namna ya kujitunza. Ama neno "fangasi", ambalo wapenzi wa Kiswahili sanifu hulilaumu kwa ukopaji wake, tutaona kuwa kosa lake ni dogo kuliko inavyodhaniwa.

2.0 Kiumbe chenyewe na majina yake

Ugonjwa unaozungumziwa husababishwa na kuvu wa seli moja wa jenasi ya Candida, na mara nyingi zaidi ni spishi iitwayo Candida albicans. Jina la jenasi lilitolewa na Christine Berkhout, mwanasayansi wa Uholanzi, mwaka 1923. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya weupe, na "albicans" nalo lina maana ya kugeuka kuwa jeupe. Kwa hiyo jina lote ni weupe juu ya weupe. Walioliunda walikuwa wakitazama kile kile anachokiona mama wa Kiswahili anaposema kuwa mtoto wake ana utando mweupe mdomoni. Katika makala haya tutatumia umbo "kandida".

Kandida ina undugu wa mbali na hamira. Zote mbili ni kuvu wa seli moja, na zote huzaliana kwa kuchipua: seli changa huota ubavuni mwa seli mama, kisha hujitenga. Hata hivyo Kiswahili hakina neno la asili linalozijumuisha. "Hamira", neno tulilolipata kutoka Kiarabu, ni jina la bidhaa ya jikoni. "Chachu" inatokana na kitenzi "kuchacha", na hutaja kile kinachotendeka kwenye unga au tembo, bila kumtaja kiumbe anayekitenda. Ndiyo maana usemi "maambukizi ya chachu", ambao siku hizi huonekana katika maandishi yaliyotafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, humfanya msomaji aduwae. Zahanati haziutumii. Tena una hatari yake: humwelekeza mgonjwa kwenye mkate na maandazi, kana kwamba chanzo ni chakula chake. Hamira ya maandazi ni spishi nyingine, Saccharomyces cerevisiae, na hufa katika mafuta ya moto au katika tanuri.

Sifa moja ya Candida albicans inastahili kutajwa kwa kuwa itatufaa mbele. Kiumbe huyu ana sura mbili. Anapokuwa mtulivu huishi kama seli za mviringo. Mazingira yanapomruhusu hurefuka na kuwa nyuzi, na nyuzi hizo ndizo zinazopenya tabaka la juu la ngozi laini. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kuwa nyuzi hizo hutoa sumu ya protini, wakaiita kandidalisini, ambayo hujeruhi seli na kuamsha uvimbe.

3.0 Chanzo: tatizo la kitenzi

Tuchukue sentensi mbili:

(a) Amina ameambukizwa fangasi.
(b) Mkate umeota ukungu.

Sentensi ya (a) iko katika kauli ya kutendwa. "Kuambukiza" ni kitenzi elekezi. Kinamtaka mtenda na mtendwa, na pale mtenda anapoachwa, msikilizaji humtafuta. Swali linalofuata ni la sarufi kabla ya kuwa la tabia: ameambukizwa na nani? Katika ndoa swali hilo lina jibu moja tu linaloweza kufikirika, na jibu hilo ni la shutuma. Mume humshuku mke, mke humshuku mume, na kwa kuwa jina tulilonalo kwa magonjwa ya njia hiyo ni "magonjwa ya zinaa", shutuma huwa imekwisha kutamkwa kabla ya mtu yeyote kupimwa.

Sentensi ya (b) haina mtenda wa nje. Hakuna anayeuliza ni nani aliyeupa mkate ukungu. Huulizwa mkate umekaa siku ngapi, uliwekwa wapi, ulifunikwa ungali moto au la. Yaani huulizwa hali.

Elimu ya tiba iko karibu zaidi na sentensi ya (b). Kandida huishi mdomoni, utumboni na ukeni mwa watu wazima wengi bila kuwadhuru. Takribani mwanamke mmoja kati ya watano hadi kumi anayo ukeni ilhali hana dalili yoyote. Inakadiriwa kuwa wanawake 75 kati ya 100 hupatwa na ugonjwa huu angalau mara moja maishani, na 40 hadi 45 hupatwa mara mbili au zaidi. Ugonjwa hauhesabiwi miongoni mwa magonjwa ya zinaa, kwa kuwa hutokea hata kwa mtu ambaye hajajamiiana kamwe. Mwenzi wa kiume kwa kawaida hahitaji kutibiwa, isipokuwa wale wachache wanaopata wekundu na muwasho kwenye kichwa cha uume. Kinachogeuza ukaaji huo wa amani kuwa maradhi ni mabadiliko ya hali, na mabadiliko yenyewe yanajulikana vya kutosha.

La kwanza ni homoni ya estrojeni. Hiyo huongeza glaikojeni, ambayo ni aina ya wanga, katika seli za uke, na kandida hustawi humo. Ndiyo sababu ugonjwa huu ni nadra kabla ya msichana kuvunja ungo na baada ya mwanamke kukoma hedhi, na ndiyo sababu huzidi wakati wa ujauzito. La pili ni viuavijasumu, yaani antibayotiki. Mgonjwa aliyetibiwa kifua au jipu kwa dawa hizo huua pia bakteria wema wa ukeni, hasa laktobasili, na siku chache baadaye huanza kuwashwa. Wengi wamejaribu kuzuia jambo hilo kwa kula mtindi au kuuweka ukeni, lakini jaribio lililochapishwa nchini Australia mwaka 2004, ambamo wanawake waliomeza viuavijasumu walipewa laktobasili, halikuonyesha kinga yoyote. La tatu ni kisukari kisichodhibitiwa. Hapa sukari ya mwilini ndiyo yenye hatia, wala si sukari ya kwenye chai ya mtu mwenye afya. Dawa mpya za kisukari zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, kama vile dapagliflozini na empagliflozini, nazo huongeza uwezekano wa kandida sehemu za siri, na mgonjwa anayeanzishiwa dawa hizo anastahili kuambiwa hivyo mapema.

La nne ni kudhoofika kwa kinga ya mwili, na hapa yapasa kutofautisha mahali na mahali. Kandida ya mdomoni kwa mtu mzima asiyevaa meno ya bandia, asiyetumia dawa za kuvuta za pumu na asiyetibiwa saratani, ni ishara nzito: taarifa ya kwanza ya ugonjwa uliokuja kuitwa UKIMWI, iliyotolewa Marekani tarehe 5 Juni 1981, ilihusu vijana watano wa Los Angeles, na wote walikuwa na kandida. Ikishuka hadi kwenye umio, mgonjwa wa VVU huhesabiwa kuwa katika hatua ya nne ya ugonjwa. Kandida ya ukeni haina uzito huo. Mwanamke mwenye VVU huipata, na asiye na VVU huipata. Kwa hiyo neno la mtaani kwamba mwenye fangasi "ana ngoma" ni dhuluma, ingawa mwenye kuugua mara tatu au zaidi katika mwaka mmoja anafaa kupimwa VVU na kisukari. Iongezwe tu kwamba wengi wa wanaougua kwa kurudiarudia hupimwa na kukutwa hawana hata kimoja.

Je, inatosha kusema kandida imezidi idadi? Zamani ndivyo ilivyofundishwa. Utafiti wa miaka ya 2000 uliwapa kandida wanawake wenye afya waliokubali kujaribiwa, na ikaonekana kuwa walioumwa walitofautiana na wasioumwa kwa wingi wa chembe nyeupe za damu zilizokimbilia ukeni. Maana yake ni kwamba maumivu, wekundu na muwasho kwa sehemu kubwa ni kazi ya mwili wenyewe unapokasirishwa. Kiswahili kina namna ya kulisema hilo bila kutafuta istilahi mpya. Tunasema chakula "kimemkataa" mtu, au dawa "imemkataa". Uhusiano wa mwili na kandida ni wa namna hiyo: jana walichukuliana, leo wamekataana.

Tunapendekeza basi kwamba katika maandishi ya afya kitenzi "kuambukizwa" kihifadhiwe kwa magonjwa yanayotoka kwa mtu kwenda kwa mtu, na kwa kandida tuseme "imeota", "imestawi" au "imezidi". Tunajua kuwa "kupata fangasi" na "kushikwa na fangasi" ndiyo semi za mtaani, nazo hazina ubaya.

4.0 Dalili: tatizo la "uchafu"

Katika vipeperushi na vibao vya zahanati, majimaji yatokayo ukeni huitwa "uchafu". Mgonjwa husema "natokwa na uchafu", naye mhudumu huandika hivyo hivyo. Tutazame mazungumzo haya ya kubuni:

– Shikamoo, nesi.
– Marahaba, binti yangu. Unasumbuliwa na nini?
– Natokwa na uchafu.
– Unajisafisha vizuri lakini?

Swali la nesi limezaliwa na neno la mgonjwa. Uchafu huoshwa. Binti atarudi nyumbani na kuingiza maji ya sabuni, dettoli, limau au chumvi ndani ya uke, ambako hakukuhitaji kuoshwa. Sabuni huwasha ngozi iliyokwisha kuvimba, na kuosha ndani kumehusishwa na ugonjwa mwingine, vajinosisi ya bakteria, ambao nao hutoa majimaji yenye harufu, na harufu humrudisha tena kwenye sabuni. Lawama ya uzembe, ambayo binti hakuistahili, imemfika kupitia nomino.

Mwanamke mwenye afya hutokwa na ute kila siku, na ute huo hubadilika katika mzunguko wa hedhi: mara mzito, mara wa kuvutika kama ute wa yai. Neno "ute" ni la Kiswahili, halina aibu, na linaruhusu maswali yenye maana. Mazungumzo yale yangeweza kwenda hivi:

– Ute wako siku hizi ukoje?
– Mzito, mweupe, kama maziwa ya mgando.
– Unanuka?
– Hapana, nesi. Ila unawasha, usiku silali.

Katika sentensi hizo mbili za mgonjwa mna karibu picha yote. Dalili kuu ya kandida ni muwasho wa uke na mashavu yake, pengine pamoja na wekundu, uvimbe na michubuko ya kujikuna. Ute unaweza kuwa wa mabonge kama mtindi, lakini wapo ambao ute wao ni mwepesi, na wapo wasio na ute wa ziada kabisa. Harufu mbaya si dalili yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unautaja ute wa namna ya mtindi pamoja na muwasho kuwa msingi wa kutoa dawa ya kandida pale pasipo na maabara.

Magonjwa mawili jirani yafaa kuwekwa kando yake. Katika vajinosisi ya bakteria ute ni mwepesi, wa rangi ya kijivujivu, na hunuka kama shombo ya samaki, hasa baada ya tendo la ndoa. Muwasho ni mdogo au haupo. Katika trikomona ute huwa wa manjano au kijanikijani na wenye povu. Penye kipimo cha uasidi tofauti huonekana haraka: kandida huuacha uasidi wa uke ulivyo, chini ya 4.5, ilhali vajinosisi huupandisha juu ya hapo. "Uchafu" huyafunika magonjwa yote matatu, pamoja na ute wa kawaida, kwa shuka moja. Tena hufunika jambo zito zaidi, yaani ute wenye damu, ambao huenda ukawa ishara ya saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Mama aliyekoma hedhi anayetibiwa "uchafu" mara ya tatu kwa dawa za fangasi anapoteza miezi ambayo hana.

Mgonjwa mwenyewe hawezi kulaumiwa kwa kukosea. Katika uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wanawake 95 waliokuwa wamejinunulia dawa kwa kuamini wana kandida walipimwa, na theluthi moja tu ndio waliokuwa na kandida peke yake. Hao walikuwa na lugha isiyo na "uchafu" wetu.

Vitenzi vya maumivu navyo vina kazi. Mgonjwa wa kandida husema mkojo "unachoma". Ukimuuliza unachoma wapi, atasema ni nje, pale mkojo unapogusa ngozi iliyochubuka. Mwenye ugonjwa wa njia ya mkojo husema maumivu yako ndani, na kwamba hukojoa mara kwa mara kidogo kidogo. Bila swali hilo la "wapi", wote wawili huambiwa wana "yutiai", huandikiwa viuavijasumu, na yule wa kwanza huzidishiwa chanzo cha ugonjwa wake. Ama "kuwashwa", neno sahihi kabisa kwa dalili hii, mtaani limebebeshwa maana ya tamaa ya mwili, na wapo wanawake watakaolikwepa na kusema "nasikia vibaya" au "napata usumbufu". Mhudumu aliye mwerevu hulitamka yeye kwanza, kwa kutaja ngozi: "Ngozi inakuwasha?"

5.0 Neno "fangasi"

Kosa la "fangasi" ni upana. Neno hili limeyameza "choa", "punye" na "mba", maneno ambayo yalitenganisha magonjwa ya ngozi kwa usahihi wa kupendeza. Choa na punye huletwa na kuvu wa nyuzi walao protini ya ngozi na nywele. Mba wa mabaka huletwa na Malassezia, ambayo ni kuvu wa seli moja kama kandida. Mgonjwa anayeambiwa "fangasi" tu hudhani malhamu ya vidole vya miguu itafaa popote, na muuza duka humuuzia hiyo hiyo. Dawa hazilingani: terbinafini ni nzuri kwa choa lakini dhaifu kwa kandida.

Upatanisho wa kisarufi wa neno hili haujatulia. Wengine husema "fangasi hawa", wengine "fangasi hizi" au "hii". Mwandishi amechagua ngeli ya i-/zi- kwa ugonjwa, ingawa kwa kiumbe mwenyewe ameandika "kuvu wa seli moja". Wenye "hawa" huelekea kuwahesabu fangasi pamoja na "wadudu" wa kwenye mkojo, yaani wageni walioingia, na hapo tunarudi kwenye swali la "nani".

6.0 Lugha ya dawa

Tiba ya kandida isiyo na matata ni rahisi: flukonazoli miligramu 150 ya kumeza mara moja, au klotrimazoli ya kuweka ukeni kwa siku kadhaa. Mjamzito hapewi ya kumeza; hupewa ya kuweka, kwa siku 7. Anayeugua kwa kurudiarudia huweza kupewa flukonazoli mara moja kwa wiki kwa miezi 6.

Dawa ya kuweka ina umbo la kidonge, na Kiswahili huiita "kidonge" kama nyingine zote. Maelekezo yakisema "tumia kidonge kimoja usiku kwa siku sita", mgonjwa aliyezoea kuwa vidonge hutumiwa kwa mdomo atakimeza kwa maji, na asubuhi ya siku ya saba atakuwa bado anawashwa. Kitenzi "kutumia" hakimwelezi mahali. "Weka ndani ya uke, usimeze" kina maneno matano, na kinatosha kwenye bahasha ndogo ya dawa.